Brera na maandishi madogo kando ya picha

Yai linaning'inia kwa uzi mwembamba, juu kidogo ya kichwa cha Bikira Maria. Ni jeupe, limetulia tuli. Nyuma yake kuna kombe kubwa la baharini lililochongwa ukutani, na chini yake Maria amekutanisha viganja kuomba, mtoto amemlalia mapajani akiwa na marijani nyekundu shingoni. Watakatifu wamewazunguka nusu duara. Upande wa kulia amepiga magoti bwana mmoja aliyevaa deraya, na chuma chake kimechorwa kwa namna ambayo unahisi ukikigusa kitakuwa baridi. Huyo ni Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino. Piero della Francesca aliichora picha hii ya madhabahuni mnamo 1472 hadi 1474.

Wataalamu wengi husema yai lenyewe ni la mbuni. Mbuni si ndege wa Italia. Mayai yao yalikuwa yakitoka Afrika, yakavuka jangwa na bahari hadi kutundikwa kwenye makanisa ya Ulaya, na kwa mtu wa Pwani aliyesimama mbele ya picha ile jambo hilo si dogo. Nilikaa pale hadi watu wa nyuma yangu wakaanza kunizunguka.

Kisha nikafanya ninachofanya kila mara nikishatazama picha. Nikasogea kusoma maandishi madogo kando yake. Kanisa la San Bernardino, Urbino. Halafu mwaka ilipofika Milano: 1811.

Kutoka Urbino hadi Milano ni zaidi ya kilomita 300.

Madhabahu hayatembei.

Wiki kadhaa zimepita tangu nirudi Malindi, na mwaka ule umekataa kunitoka kichwani. Ndiyo maana naandika.

## Mtaa ambao ni rahisi kuupenda

Nianze na ukweli kwamba Brera, mtaa wa Milano wenye jumba la makumbusho nilimoiona picha ile, niliipenda, na bado naipenda. Unatoka uwanja wa Scala, unapandisha Via Verdi, na kabla hujajua kelele za tramu zimebaki nyuma. Njia inakuwa nyembamba, ya mawe. Kuna duka la rangi na brashi ambalo harufu yake inakufikia ukiwa bado barabarani, na nje ya lango la jumba kubwa wanafunzi wa Chuo cha Sanaa wamekaa na turubai zilizokunjwa kwapani, rangi imewaganda kwenye kucha, wanabishana.

Nikawaelewa wanachobishania. Mtu wa Malindi hahitaji darasa ili ajue Kiitaliano. Kimekuja chenyewe na wageni waliojenga kwetu, tukakijifunza ufuoni, hotelini na sokoni. Lakini kukisikia kikizungumzwa na vijana wasiotaka kuniuzia wala kununua chochote kwangu lilikuwa jambo jipya, na lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Shangazi yangu anaishi Milano miaka mingi sasa. Kazi yake ni kuwalea wazee majumbani mwao: anawaogesha, anawalisha, anawasikiliza wakirudia hadithi ileile, na mara kadhaa amekuwapo walipokata roho. Kila aliponipigia simu alikuwa akiniambia habari za mtaa huu. Tulikwenda Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo makumbusho ya serikali huwa bure, kwa hiyo umati ulikuwa mkubwa.

Kwanza alinipitisha Via Fiori Chiari. Leo mtaa huo ni meza za mikahawa na madirisha ya maduka ya bei kali. Hadi mwaka 1958, sheria iliyopiganiwa na seneta Lina Merlin ilipofunga madanguro ya Italia, baadhi yake yalikuwa hapohapo. Na hapohapo msanii Piero Manzoni alikuwa na karakana yake, na ndimo alimofia Februari 1963 akiwa na miaka 29 tu. Ukikata kona unaikuta Baa ya Jamaica kwenye Via Brera. Miaka ya 1950 Manzoni, Lucio Fontana na wenzao walikuwa wakishinda pale, na Ugo Mulas, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa Italia, alianza kushika kamera akiwa miongoni mwao.

Msanii wa umri wao leo hawezi kupanga hata chumba kwenye mtaa ule. Kinachouzuia mtaa usigeuke duka tupu, kwa maoni yangu, ni kile chuo. Wanafunzi wanaingia asubuhi na kutoka jioni, wanavuta sigara getini, wanaacha madoa ya rangi kwenye ngazi. Wao wanafanya kazi, sisi wageni tunapita.

## Kanisa lililokatwa katikati

Jumba lenyewe lilikuwa la Wajesuiti. Shirika lao lilipovunjwa mwaka 1773, Maria Theresa wa Austria, ambaye Milano ilikuwa chini yake, alilichukua, na mwaka 1776 chuo cha sanaa kikafunguliwa humo. Kulikuwa tayari na kituo cha kuangalia nyota juu ya paa. Karne moja baadaye, mwaka 1877, Giovanni Schiaparelli alikuwa juu huko akichora ramani ya sayari ya Mars.

Halafu akaja Napoleon.

Mwaka 1805 alijivika taji la Ufalme wa Italia ndani ya kanisa kuu la Milano. Mji mkuu wa ufalme ulihitaji jumba la picha. Wakati huohuo nyumba za watawa zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine kwa amri, na mali yake kuwa ya serikali. Mchoraji Andrea Appiani akapewa jukumu la kuchagua picha zinazofaa kupelekwa Milano. Zilizochaguliwa zilishushwa kutoka juu ya madhabahu, zikafungwa, zikapakiwa. Zilitoka Venezia, Bologna, na miji ya Marche kama Urbino, ambayo ilimegwa kutoka himaya ya Papa na kutiwa kwenye ufalme mwaka 1808. Jumba likafunguliwa tarehe 15 Agosti 1809, siku Napoleon alipotimiza miaka 40.

Kuna jambo moja ambalo lilinikaa zaidi ya mengine. Ndani ya jumba mlikuwa na kanisa, Santa Maria in Brera. Ili kupata kumbi za kutosha walilibomolea uso wake wa mbele, kisha wakalitandikia sakafu katikati ya kimo chake, likawa orofa mbili. Orofa ya juu ndiyo kumbi kubwa za picha unazotembelea leo.

Yaani picha zilizotolewa makanisani zilitundikwa ndani ya kanisa ambalo lilikuwa limekatwa kiuno ili kuzipokea.

Nililisoma hilo nikiwa nimesimama juu ya sakafu hiyohiyo. Nilihisi kama mtu aliyeingia nyumba nzuri akaambiwa ilikopatikana.

Tangu hapo sikuweza kutazama picha bila kutafuta ilikotoka. Ile ya Raphael, ndoa ya Bikira Maria na Yusufu, aliichora mwaka 1504 akiwa kijana wa miaka 21 kwa ajili ya kanisa la San Francesco, mji mdogo wa Città di Castello. Ni picha ya kukufanya unyamaze: Yusufu anamvika Maria pete, na mbele yao kijana mmoja aliyekataliwa anaivunja fimbo yake kwa goti. Mwaka 1798 mji ule ulilazimika kumpa picha hiyo "zawadi" jenerali Giuseppe Lechi wa jeshi lililoungana na Wafaransa. Jenerali akaiuza. Ikapita mikono kadhaa Milano, hadi mwaka 1806 ikanunuliwa kwa ajili ya chuo.

Watu wa pale hawakuwa na la kufanya. Jeshi liko mlangoni, utasemaje?

## Twiga kwenye uwanja wa Aleksandria

"Njoo uone mnyama wako," shangazi akaniita kutoka chumba cha mbele.

Picha ile inakaribia mita nane kwa upana. Mtakatifu Marko amepanda juu ya jukwaa dogo anahubiri mjini Aleksandria. Wanawake wa mjini wameketi mbele yake wamejifunika mabuibui meupe, wanaume wana vilemba vikubwa, na huko nyuma uwanjani, katikati ya ngamia na watu wenye shughuli zao, amesimama twiga.

Gentile Bellini ndiye aliyeianza. Aliwahi kuishi Istanbul na kumchora Sultani Mehmed wa Pili, na vilemba vile havikutoka kichwani mwake tu. Alifariki mwaka 1507 kabla hajaimaliza, ndugu yake Giovanni akaikamilisha. Iliagizwa na chama cha waumini wa Mtakatifu Marko huko Venezia, ikae kwenye ukumbi wao. Mwaka 1809 nayo ikachukuliwa.

Kwa watu wa Malindi twiga ni habari yetu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga mbele ya mfalme wa Uchina. Mwaka 1487 Sultani wa Misri, Qaitbay, alimpelekea Lorenzo de' Medici twiga huko Florence. Zile zilikuwa zawadi za kweli, za mtawala kumpelekea mwenzake, mnyama akisindikizwa na wajumbe wenye heshima zao. Hata jina la mtakatifu yule ni la nyumbani: watoto wa Ngomeni wamekua wakiliona jukwaa la San Marco baharini, ambalo Waitaliano walirushia satelaiti zao kuanzia 1967.

Nikamwonyesha shangazi maandishi kando ya picha. Nikamwambia karibu kila tunachokitazama humu kilitolewa kwa watu wengine.

Akasoma, akatikisa kichwa. "Lakini wamevitunza, mwanangu. Ona rangi zilivyo. Vingeachwa huko vijijini vingekuwa wapi leo?"

Sikuwa na jibu. Na kusema kweli jibu hilo ndilo nililokuwa nikilihofia, kwa sababu tumeambiwa maneno hayohayo na makumbusho ya Ulaya kwa miaka mingi, na hapa nilikuwa nikiyasikia kwa mtu wangu, akiyasema kwa nia njema, tena mbele ya ushahidi.

## Miguu

Chumba kinachofuata kina picha ndogo, haifiki mita moja kwa upana. Andrea Mantegna amemlaza Yesu aliyekufa juu ya jiwe, na wewe mtazamaji umewekwa miguuni pake. Nyayo zinakutazama. Matundu ya misumari yamekauka, ngozi imekunjamana pembezoni mwake. Mwili mzima umefupishwa kwa nyuma, kifua kipana, kichwa kimelalia mto. Pembeni kushoto kuna nyuso za waombolezaji, zimekunjika kwa kilio cha watu wasiojali wanavyoonekana.

Shangazi alisimama pale kuliko mahali pengine popote. Watu walikuja wakapiga picha kwa simu wakaondoka. Yeye alikuwa akiitazama shuka: mikunjo yake, jinsi ilivyovutwa hadi kiunoni, na lile jiwe lenye unyevu, na chombo cha marhamu karibu na kichwa.

"Aliyechora hii amewahi kuosha maiti," akasema. "Au alikaa karibu sana na waliokuwa wakiosha. Miguu huwa hivi. Rangi huwa hivi."

Picha hii haikutoka kwenye madhabahu yoyote. Inaaminika Mantegna hakuitoa mkononi, ilikutwa kwenye karakana yake baada ya kifo chake mwaka 1506. Ilifika Brera mwaka 1824 kupitia warithi wa Giuseppe Bossi, mchoraji aliyekuwa katibu wa chuo hiki. Sina kinyongo na safari yake. Nimeiweka hapa kwa ajili ya shangazi, aliyeufahamu mtaa huu kwa nje kwa miaka mingi, na mara tu alipoingia ndani akasoma kwenye picha kitu ambacho mimi, na vitabu vyangu, nisingekiona.

Kama ingebaki imefungiwa kwenye nyumba ya tajiri fulani, asingeiona kamwe. Hapo ndipo nilipoanza kuyumba.

## Aliyezihamisha ili zibaki

Mashaka yangu yaliongezeka nilipofika kwenye habari za Fernanda Wittgens.

Alizaliwa 1903. Mwaka 1940 alishika usukani wa Brera, mwanamke wa kwanza nchini Italia kuongoza jumba kubwa la makumbusho. Mkuu aliyemlea kikazi, Ettore Modigliani, alikuwa Myahudi. Alikuwa ameshaondolewa Brera mwaka 1935 kwa kutopatana na mafashisti, kisha sheria za ubaguzi za 1938 zikamfungia milango iliyobaki. Vita vilipoanza, Wittgens alisimamia kuhamisha picha za Brera kwenda kufichwa mahali salama nje ya mji. Kuhamisha picha kama ile ya Bellini si mchezo: mita nane za turubai, barabara mbovu, na ndege za kivita zinaweza kutokea wakati wowote.

Agosti 1943 mabomu yaliipiga Milano usiku baada ya usiku. Jumba la Brera liliungua, mapaa yakaanguka, kumbi nyingi zikabaki kuta tupu.

Picha hazikuwemo.

Naye hakuokoa picha tu. Alikuwa akiwasaidia Wayahudi na watu wengine waliokuwa wakisakwa kutorokea nje ya nchi. Julai 1944 alikamatwa na kuhukumiwa kifungo. Alipotoka jela vita vikiisha, alirudi kwenye magofu yaleyale. Modigliani naye alirudi kwa muda mfupi hadi alipofariki mwaka 1947, na Wittgens akaendelea pamoja na msanifu majengo Piero Portaluppi. Juni 1950 Brera ikafunguliwa tena. Yeye alifariki mwaka 1957.

Niliposoma maisha yake nilijiuliza swali gumu kuliko lile la mwanzo. Ikiwa mtu amekihatarishia maisha kitu, je, hajakipatia haki fulani? Watu wa Milano wamezilipia picha hizi kwa njia ambayo Napoleon hakuilipa. Mtoto wa Milano aliyezaliwa 1950 amekua nazo, na mjukuu wake pia. Kumwambia leo kwamba si zake ni kumwambia uongo wa aina yake.

Na bado pale Urbino kuna kanisa ilimotolewa picha ile, ambamo Federico mwenyewe amezikwa. Hapo alikuwa akipiga magoti ndani ya kanisa lenye kaburi lake. Milano anapiga magoti mbele yetu sisi wapita njia.

Yote mawili ni kweli, na sikuweza kulifanya moja limeze jingine.

## Mchongaji aliyekwenda kudai

Katikati ya ua wa jumba, pale wanafunzi wanapokutana, kuna sanamu ya shaba ya Napoleon, uchi kabisa kama miungu ya Kirumi ya kale, karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Amechongwa kama Mars mleta amani. Imekaa hapo tangu 1859. Wanafunzi wanaipita bila kuiangalia.

Aliyeibuni ni Antonio Canova, mchongaji mkubwa kuliko wote wa enzi yake. Na huyohuyo Canova, Napoleon alipoanguka mwaka 1815, ndiye aliyetumwa na Papa Pius wa Saba kwenda Paris kudai vitu vilivyochukuliwa. Alikwenda, akavumilia matusi ya Wafaransa, akarudi na sanamu na picha nyingi. Si zote. Karamu ya Kana ya Veronese, iliyotolewa Venezia mwaka 1797, iko Louvre mpaka leo, na mwaka 2007 Venezia iliwekewa nakala mahali pake pa zamani.

Brera iliepuka dai hilo. Picha zake hazikuwa zimekwenda Ufaransa. Zilikuwa zimehamishwa kutoka Italia kwenda Italia, na Milano ikarudi mikononi mwa Waustria ambao hawakuwa na haraka ya kuvunja jumba zuri walilolikuta.

Ninachojifunza kwa Canova ni kwamba Ulaya ilishafanya mazungumzo haya miaka mia mbili iliyopita, kwa vitu vyake yenyewe. Ilikubali kwamba kilichochukuliwa kwa nguvu kinaweza kudaiwa, na kinaweza kufungwa kwenye sanduku na kurudi. Kwa hiyo Wapokomo wanapodai Ngadji, ngoma yao kuu ambayo British Museum inayo tangu 1908, wasiambiwe kwamba jambo hilo halijawahi kufikiriwa.

## Uwanja wa Carmine

Tulipotoka miguu ilikuwa imechoka. Tukapumzika kwenye uwanja mbele ya kanisa la Santa Maria del Carmine, mwendo mfupi tu kutoka jumbani. Nikampa shangazi habari ya Wittgens kadiri nilivyoijua wakati ule. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Wajua lile shimo la kwa babu?"

Nilikuwa nimewahi kusikia, kama watoto wanavyosikia mambo ya wakubwa, nusunusu. Babu yake shangazi alikuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wa heshima wa Kigiriama, na alipofariki wanawe walimsimamishia kigango, mti wa kuchongwa wa kumkumbuka marehemu, kwenye mudzi, yaani boma lao la zamani, bara upande wa Ganze. Familia ilipohama, kigango kilibaki, kwa sababu hakihamishwi. Miaka ya themanini, wakati watalii walipojaa Pwani na maduka ya vinyago yakitafuta bidhaa, mtu alikwenda akakichimbua. Wakubwa walipokwenda kumwagia marehemu tembo la mnazi wakakuta shimo.

"Bibi alikaa chini pale pale," shangazi akasema. "Hakulia. Alisema, wamemchukua mzee. Hakusema wamechukua mti."

Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza: "Zile picha nimesema wamezitunza, na nasema tena wamezitunza. Lakini hiki chetu, hata kama kimewekwa kwenye kioo na taa, ni nani aliyeomba kitunzwe?"

Hapo ndipo mambo yaliponipambanukia.

## Kigango si picha

Piero alichora mbao zake ili zidumu. Alizipaka rangi kwa mpango wa miaka mingi. Hoja ya kutunza ina uzito kwa picha yake kwa sababu kutunzwa ndiko alikokutaka hata yeye. Unaweza kubishana kuhusu mahali, lakini lengo la Urbino na lengo la Milano ni moja: picha isiharibike.

Kigango ni kitu kingine. Kinachongwa kichwa cha duara na kiwiliwili bapa, kinanakshiwa pembetatu, kinafungwa vitambaa, kinasimamishwa nje kwenye jua na mvua. Mchwa wanakijia. Kinainama. Kinaisha taratibu mahali pake, na kuisha huko ni sehemu ya kazi yake. Ukikitoa, ukakipulizia dawa, ukakiweka kwenye chumba kisicho na unyevu mbali huko, umekizuia kufanya kile kilichochongewa. Kila mwaka kinapozidi kukaa kizuri kwenye kioo, familia yake inazidi kukosa.

Kwa hiyo swali "wangevitunza wenyewe?" halina majibu sawa kwa kila kitu. Kwa picha ya Raphael nalipokea, nalipima, na naweza kukubali kwamba Brera imejitahidi. Kwa kigango silipokei hata kidogo. Sikuwa na tofauti hii kichwani kabla ya kukaa uwanja wa Carmine na mwanamke aliyeosha wafu wa watu wengine kwa miaka.

Vingine vimerudi. Mwaka 2007 familia moja ya Kigiriama ilirudishiwa vigango viwili kutoka makumbusho ya Marekani baada ya watafiti kuvifuatilia kwa miaka. Ilisaidia kwamba kulikuwa na picha iliyopigwa kabla ya kuibwa. Sisi hatuna picha ya chetu. Tuna shimo, na tuna watu wachache wanaokumbuka nakshi zake zilikuwaje.

Na hapo naipa Brera heshima yake. Yale maandishi madogo kando ya picha, mtu angeweza kuyaacha. Angeweza kuandika jina la mchoraji na mwaka, basi. Lakini yanataja kanisa, mji, mwaka wa kuingia. Mtu wa Urbino akifika pale anajua chake ni kipi. Vigango vingi vilivyo ng'ambo havijaandikiwa hata jina la kijiji, achilia mbali la aliyesimamishiwa. Ningeomba jambo moja kwa kila jumba lenye kigango, ningeanza na hilo: andikeni mlivyokipata, kwa nani, lini. Mengine tutazungumza.

Desemba shangazi anakuja likizo. Tumekubaliana kwenda Ganze pamoja, tukiwa na daftari, kwa wale wazee watatu ambao bado wanakikumbuka. Tutawaomba wachore nakshi kila mmoja peke yake, kabla hawajasikia za mwenzake, ili tuone zinapokutana. Na kuna swali shangazi anataka kuwauliza yeye mwenyewe: iwapo siku moja kitapatikana na kurudi, kinasimamishwa kwenye shimo lilelile, ama mzee ameshakaa mbali kiasi kwamba lazima achimbiwe jipya? Mimi sijui. Yeye anasema bibi yake alikuwa na maoni, lakini hakuna aliyemuuliza.